Dawa gani, Ndugu Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa muda mrefu ambaye hajawahi kukuandikia. Nimevumilia mengi, yakiwamo majina ya viongozi kuandikwa kwa namna tatu katika habari moja. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu wale watoto wawili wa familia moja, iliyobeba kichwa kikubwa kwamba wamefariki dunia baada ya kunywa dawa, imenishinda. Nimeisoma kuanzia mstari wa kwanza nikitafuta jambo moja tu, yaani ni dawa gani. Mwandishi amelirudia neno hilo tena na tena bila kulieleza, hadi aya ya mwisho kabisa, katika maneno ya jirani, ndipo msomaji makini anapong'amua kwamba watoto wale walikunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya chupa ya soda.

Huenda chumba chenu cha habari kinaona kwamba hili ni suala la mtindo. Mama aliyekisoma kichwa hicho kwa kupita, bila kununua gazeti, ameondoka akijua kwamba dawa zimeua watoto, na huenda mkononi ana karatasi ya kliniki inayomwagiza ampe mwanawe dawa ya minyoo.

Nilikuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kuna zamu moja ya usiku inayonifanya nishindwe kusoma uandishi wa namna hii nikatulia. Mwanamume alifika mbio akiwa amembeba mtoto mdogo, amelegea, mate yanamtiririka. Nikamuuliza mtoto amekula nini. "Sista, amekunywa dawa." Dawa gani? "Dawa tu ya pale nyumbani." Dawa ya nini? "Ile ya siku zote, sista." Hakuwa akificha kitu, wala hakuwa mjinga, alikuwa akinijibu kwa Kiswahili sahihi, na Kiswahili hicho sahihi hakikunisaidia chochote. Nyumba moja inaweza kuwa na dawa ya panya, dawa ya kupe, dawa ya mende, dawa ya choo, dawa ya kuhifadhia mahindi na dawa ya kikohozi, na kila moja inamtaka mhudumu afanye jambo tofauti. Aliyekunywa sumu ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti hutokwa na mate, machozi na jasho, mboni zake husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, kifua hujaa majimaji, na anahitaji upesi atropini, dawa ya kuzima makali ya sumu hiyo. Aliyekula zile sumu za panya zinazozuia damu kuganda anaweza kucheza na kucheka siku nzima, kumbe damu itaanza kuvuja baada ya siku kadhaa, naye hutibiwa kwa vitamini K. Aliyekunywa dawa kali ya choo hatakiwi kutapishwa hata kidogo, kwa sababu kilichounguza koo wakati wa kushuka kitaliunguza tena wakati wa kupanda. Aliyezidishiwa dawa ya kikohozi ni habari nyingine kabisa. Niliziangalia mboni za yule mtoto, daktari akaja, atropini ikatolewa, mtoto akapona. Lakini tulimtibu kwa kuusoma mwili wake, kwa kuwa neno alilokuja nalo baba yake halikuwa na kitu ndani. Chupa yenyewe ililetwa baadaye na shangazi. Ilikuwa imebandikwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa nzuri: DAWA. Mwandishi wa kibandiko kile alikuwa na udhuru, maana alikuwa akiwaandikia watu wa nyumba yake tu, ambao wote walijua. Gazeti lako, Ndugu Mhariri, linawaandikia watu wasiojua, na bado limebandika karatasi ile ile.

Matata yenyewe yamejificha katika kile kihusishi kidogo "ya", ambacho waandishi wenu hukiamini kupita kiasi. Dawa ya kikohozi hukiondoa kikohozi, na dawa ya mbu huwaondoa mbu. Hapo mambo yanalingana. Dawa ya macho, hata hivyo, haiyaondoi macho. Dawa ya usingizi huuleta usingizi, ilhali dawa ya homa haileti homa. Dawa ya watoto hupewa watoto na dawa ya panya hupewa panya, na mtoto anayejifunza lugha ana haki ya kudhani kwamba panya naye alikuwa mgonjwa. Dawa ya nywele, ile ya kunyoosha, mara nyingi huwa na hidroksidi ya sodiamu, ambayo ikikaa kichwani kupita muda wake huunguza ngozi. Dawa ya mapenzi tuwaachie wanaoiuza. Anayelisikia neno hilo mezani kwake huongozwa na chupa anayoiona na mtu anayezungumza naye, lakini msomaji wa gazeti hana chupa mbele yake. Ana kichwa cha habari peke yake.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Lilitujia kutoka Kiarabu, kama lilivyokuja neno tiba, likakuta lugha ina maneno yake ya kuganga, kupoza na kuponya, na likakaa nayo vizuri. Ukisema kwamba dawa ya deni ni kulipa, hakuna atakayekimbizwa hospitali. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alipowapa watu wake maji mwaka 1905 yawe dawa ya kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, hakuna aliyedhani anazungumzia maradhi. Dawa hapo ilikuwa kinga, kiapo na umoja kwa pamoja, na vita vilivyofuata, hadi 1907, vikachukua jina la maji hayo. Hata maabara hazina mpaka ulionyooka. Warfarini, mojawapo ya zile zinazozuia damu kuganda, ilianza kuuzwa mwaka 1948 ikiwa sumu ya panya, ikaidhinishwa kwa matumizi ya binadamu mwaka 1954, na hadi leo wako wagonjwa wa moyo wanaoimeza kwa maagizo ya daktari. Najua basi kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa dawa kwa huyu na sumu kwa yule, na ndiyo sababu namdai mwandishi aseme, kila mara, kilikuwa kipi kwa nani.

Nikiwa bado nina kalamu mkononi, kuna jambo la pili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inasema "dawa za kulevya", na mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo inajiita hivyo hivyo, lakini ninyi mnaandika "madawa" katika ukurasa wa kwanza na "dawa" katika ukurasa wa tano, kana kwamba bidhaa imebadilika njiani. Nimewahi kusikia utetezi kwamba ile "ma" inaongezwa kwa makusudi ili kuonyesha dharau. Kama ni hivyo, dharau hiyo ingeanza na ile dawa ya ng'ombe. Ukurasa wa michezo ndio unaonichosha zaidi. Timu ikifungwa mabao manne "imepewa dozi", na kocha wa timu ya pili ametangaza kwamba "dawa yao inachemka". Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba mtu anayejitibu kwa kipimo pungufu atavizoesha vijidudu kuistahimili dawa, na leo usugu wa dawa ni maradhi ya dunia nzima. Nimetumia miaka kuwabembeleza wagonjwa wafuate dozi kama walivyoandikiwa, huku ukurasa wenu wa nyuma ukiwafundisha kwamba dozi ni kipigo.

Msiniambie kwamba hakuna neno jingine. Kiuatilifu ni neno lililokwisha kuingia serikalini. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyotokana na sheria ya mwaka 2020, inalibeba katika jina lake. Likiwa refu mno kwa kichwa cha habari, liko neno sumu, lenye herufi nne sawasawa na dawa, kwa hiyo kisingizio cha nafasi hakipo. Ikiwa yote mawili ni mazito kwenu, basi igeni vibandiko vya viuatilifu, ambavyo huwa na mkanda wa rangi upande wa chini: nyekundu kwa vilivyo hatari zaidi, kisha njano, buluu, na kijani mwisho. Gazeti lichape neno dawa kwa wino mwekundu linapoua watu, kwa kijani linapotibu kikohozi, na kwa njano katika ukurasa wa michezo. Gharama ya wino iwe juu ya mwandishi husika, nami nina hakika kwamba baada ya mwezi mmoja atakuwa ameanza kuandika sumu.

Kwa sasa naomba masahihisho ya ile habari ya wiki iliyopita, yakitaja kwa jina kilichokuwa ndani ya ile chupa na yakiwaonya wazazi wasihifadhi kitu cha namna hiyo katika chupa ya kinywaji. Yachapwe katika ukurasa ule ule wa kwanza, kwa herufi za ukubwa ule ule, wala yasisukumwe kule chini ya matangazo ya waganga, ambako kuna dawa ya kila kitu.

Wako,
Muuguzi mstaafu