Kete yangu imekataliwa kwa sheria gani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu, leo sio siasa. Mimi mtu wa mweso, yaani bao letu la Uganda, tangu utotoni hapa Kampala ila siku hizi nimeshikwa na Go, ule mchezo wa Wachina wa ubao wa mistari 19 kwa 19, nacheza na programu kwa simu nikingoja abiria. Juzi nataka kula kete moja programu ikakataa. Ati hairuhusiwi, basi, hakuna maelezo. Nikadhani simu imekwama, nikazima nikawasha, bado.

Kumbe ni mambo ya ko. Ko ni pale nimekula kete yako moja na wewe unaweza kuila yangu papo hapo, ubao ukarudi vilevile, tukaendelea hivyo mpaka jogoo awike, ndio maana lazima kwanza ucheze kwingine ndio urudi kula. Hio hata mtoto anaelewa. Shida ni ko tatu zikikutana, huyu anakula hapa yule anakula pale, hakuna aliyevunja sheria, na baada ya kucheza mara sita ubao ni uleule. Wajapani hapo wanasema hakuna mshindi, rudieni mchezo. New Zealand wamekataza ubao kujirudia zamu ikiwa ya mtu yuleyule. Halafu kuna sheria za Go zilizoandikwa na John Tromp na Bill Taylor, hao zamu hawaijali, ubao ukijirudia tu umekosea.

Mpwa wangu anasomea kompyuta, akanieleza vile programu inakumbuka. Kila makutano ya mistari, yote 361, yana namba yake ya kubahatisha kwa kete nyeusi na nyingine kwa nyeupe, zinachanganywa inatoka namba moja ya ubao mzima, sasa namba ikishawahi kutokea ujue mmerudi palepale. Mbinu ya Albert Zobrist hio, ya 1970, imenizidi umri! Lakini programu ikiwaza inajichezea michezo maelfu kimoyomoyo, na watengenezaji wengi humo ndani wanaangalia ko ya kawaida tu kuokoa muda, ile sheria kubwa ya kukataza ubao kujirudia inapimwa mwisho kabisa, kwa hio inaweza kupanga mpango mtamu halafu ikakuta njia imefungwa. Hapo nilicheka, kumbe sio mimi peke yangu.

Mweso nao una kete za kuzunguka tu bila kukoma, wazee wa steji yetu wakiona hivyo wanafuta mchezo wanaanza upya na hakuna anayenuna kwa sababu kila mtu alijua kabla hajakaa. Mimi sikuambiwa. Nyinyi mnaotengeneza hizi programu, andikeni pale mwanzo kabisa ni sheria ya nani, na mkinikatalia kete nionyesheni ubao ulionekana wapi. Mchezo wangu bado uko kwa simu, sijaufuta, nangoja jibu.

Msomaji wenu wa boda,
Ntinda, Kampala