Nafasi za PhD ya sayansi zifike na huku Malindi

Mhariri, asalaam aleikum. Mimi mwalimu wa fizikia hapa Malindi na hili jambo limenikaa moyoni siku nyingi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa hapa Ngomeni tarehe 12 Disemba 1970, ya kwanza duniani kuchunguza eksirei za angani tu, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akaja kupata Nobel mwaka 2002. Leo nikiwauliza wanafunzi wangu nani mtaani kwao ana PhD ya sayansi ama uhandisi, kimya.

Akili zipo jamani. Kijana wa dada yangu alimaliza masta akataka kuendelea, chuo kimoja kikamwambia msimamizi atafute mwenyewe, ada mwenyewe, hata vifaa vya maabara mwenyewe, sasa mtu akae miaka 3 ama zaidi bila posho na mamake anamtegemea, ataweza vipi? Akaacha, saa hizi anauza simu. Imeniuma sana.

Naomba vyuo vikitangaza nafasi za utafiti viseme wazi posho iko ama haiko, msimamizi ni nani, na mwisho wa kutuma maombi ni lini, tena tangazo litufikie mapema sio siku mbili kabla ya kufungwa. Mada za kutafiti zimejaa huku, visima vinaingia chumvi, mikoko inakatwa, samaki wanaoza kwa kukosa barafu. Mtoto aliyekulia kwenye hayo mnamwacha nje kwa nini?

Mwalimu, Malindi