Mwanangu, alikuwa amebeba nini?

Muheza, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama yako naye hajambo, ila lile goti. Vuli imeanza kwa kusuasua, leo manyunyu, kesho jua kali. Maswali uliyomtumia mdogo wako kwenye simu ameyachapisha stesheneri pale stendi, akaniletea kwenye bahasha kama hati ya wito. Nimekaa nayo siku nne, kamusi ubavuni, na chai imenipoa mkononi sijui mara ngapi.

Kwanza nikutolee la majirani. Wananiuliza kila siku: huyu si amemaliza chuo kikuu, mbona bado anaomba kuingia shule ya sheria? Nimechoka kueleza. Hapa kwetu mtoto anatoka kidato cha sita anaingia shahada ya sheria moja kwa moja, halafu anakwenda Shule ya Sheria pale Dar es Salaam kabla ya kuapishwa uwakili. Huko Marekani sheria haisomwi mpaka uwe na shahada nyingine mkononi, ndipo unaanza miaka mitatu mipya, na mlangoni wamekuwekea huu mtihani wa LSAT. Jirani yetu wa upande wa msikiti akasema, "Kumbe Wazungu nao wana mzunguko." Nikamwachia.

Sasa maswali yenyewe, haya ya hoja: wanakupa hoja fupi, nawe unachagua jibu moja kati ya matano. Yalikuwa 25, yako ya dakika 35, na mimi nimeyafanya siku nne. Nimepata 13. Usicheke. Wewe umepata 17, na unasema unataka kuacha kwa sababu hupandi. Nimeyasoma yale manane uliyokosa kama nilivyokuwa nikisoma madaftari ya darasa la saba: alama naiweka kando, nauliza huyu mtoto alikuwa anawaza nini. Nikaona kitu. Katika matano kati ya manane, umeshafuta majibu matatu vizuri kabisa, yamebaki mawili, na kati ya hayo mawili umechagua lile ambalo ni kweli duniani. Hukukosa kwa kutojua. Umekosa kwa kujua mno.

Najua ugonjwa huo kwa sababu niliwahi kuugua, tena mbele ya hakimu.

Unakumbuka nilipostaafu ualimu niliitwa kuwa mzee wa baraza. Wakati huo mahakama ya mwanzo haikuamuliwa na hakimu peke yake. Walikaa naye wazee wa baraza wawili, kila mmoja alikuwa na kauli yake, na uamuzi ulifuata upande wa wengi. Nilikaa na bibi mmoja mkimya, mkulima, hakusoma zaidi ya darasa la nne. Ikaja kesi ya machungwa. Mlalamikaji akasema: alfajiri nilimwona kijana huyu akitoka shambani kwangu, na kulipokucha nikakuta magunia matatu yamechumwa. Kwa hiyo ni yeye. Watu waliojaa pale wakaguna kukubali. Mimi nami moyoni nilishamaliza, maana yule kijana nilimfundisha, na darasani alikuwa mdokozi. Nilikuwa nasubiri tu taratibu ziishe nikale.

Yule bibi akaomba kuuliza swali moja. "Ulipomwona anatoka, alikuwa amebeba nini?"

Mlalamikaji akafikiri kidogo, akasema kweli: "Mikono mitupu."

Pakawa kimya. Magunia matatu ya machungwa hayaingii mfukoni. Hatukumtia hatiani.

Mwanangu, karibu nusu ya yale maswali yako yamo ndani ya swali la yule bibi. Hebu itazame ile hoja. Kilichosemwa: alionekana akitoka, na machungwa hayapo. Kilichohitimishwa: ni yeye. Katikati pana shimo, na sisi sote tulilifukia kwa udongo wetu wenyewe. Mmoja alitia tabia ya kijana, mwingine umaskini wa mama yake. Hakuna hata kimoja kilichotoka kinywani mwa shahidi.

Pale wanapokuuliza hoja inategemea dhana gani, usitafute jibu linalopendeza. Likamate jibu, likanushe, uone kama hoja inabaki imesimama. "Machungwa yalikuwa bado mtini wakati kijana alipokuwa shambani." Kanusha: yalishachumwa tangu usiku wa manane. Hoja imekwenda na maji. Basi hilo ndilo. Sasa jaribu jibu jingine, "Kijana anapenda machungwa." Kanusha: hayapendi hata kidogo. Hoja imetikisika? Angeweza kuiba akauze Tanga mjini. Liache. Wewe katika swali la sita ulichagua jibu la namna hiyo hiyo, la machungwa yanayopendwa.

Nikuambie na jambo la pili, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Miezi michache baadaye nilisikia sokoni kwamba kijana alikuwa na wenzake, nao ndio waliobeba mapema. Huenda kweli, huenda maneno ya sokoni. Nililala na hilo siku kadhaa. Nilimwendea yule bibi nikamwambia, labda tulimwachia mwizi. Alikuwa anapepeta mpunga, hata hakuinua uso. Akasema, "Mwalimu, mimi sikusema hakuiba. Nilisema hatukuonyeshwa."

Ndiyo maana swali la kudhoofisha hoja linakushinda. Unatafuta jibu litakaloiua. Hawataki uue. "Mikono mitupu" haikuthibitisha usafi wa kijana, ilifanya hitimisho lisishike sana kama mwanzo, na hiyo inatosha kupewa alama. Vilevile swali la kuimarisha halidai uhakika. Lakini wakiuliza nini *lazima* kiwe kweli kutokana na maelezo, hapo mizani ni nyingine kabisa, hata uwezekano wa tisa kwa kumi hautoshi. Soma mkia wa swali kabla ya kichwa chake. Mimi nimepoteza matatu kwa kujibu nisichoulizwa, na mwalimu nilikuwa mimi.

Maswali yao sitakunakilia, unayo. Nimekutungia langu, mtindo uleule. Halmashauri iliweka taa barabara ya sokoni mwaka jana. Tangu hapo matukio ya wizi yanayoripotiwa polisi kutoka barabara ile yameongezeka. Kwa hiyo taa hazijasaidia kupunguza wizi. Lipi linadhoofisha hoja hii? La kwanza: wakazi wengi wanasema wanajisikia salama zaidi tangu taa ziwekwe. La pili: kabla ya taa, wengi walioibiwa hawakwenda polisi kwa kuwa hawakuona sura ya mwizi. La tatu: taa zinawaka usiku kucha bila kukatika.

Najua mkono wako utakwenda la kwanza, kwa sababu una huruma na kwa sababu linasikika vizuri. Ila kujisikia salama na kuwa salama ni vitu viwili, muulize kuku aliyelala karibu na kicheche. La tatu linasema taa ni nzima, tena ukiliangalia sana linamsaidia mwenye hoja. La pili ndilo linaloingia shimoni: *kuripotiwa* si *kuibiwa*. Neno moja limebadilishwa katikati ya njia na hukumwona aliyelibadilisha. Hawa watunzi wa LSAT wanapenda mchezo huo kuliko mwingine wowote. Neno "walioripoti" linaingia mlango wa mbele, linatoka mlango wa nyuma limevaa kanzu ya "walioibiwa". Pigia mstari maneno ya hitimisho, urudi juu uulize kila neno: wewe umeingilia wapi?

Yale ya chanzo na matokeo sina wasiwasi nayo, umeyapata yote. Wazee walishamaliza: jogoo likiwika lisiwike, kutakucha.

Kinachokutesa kingine ni lugha, tena si Kiingereza, ni kwamba unasoma Kiingereza kwa sikio la nyumbani. Mama yako akisema "baadhi ya watoto wamekula", mimi naelewa wengine hawajala, naanza kutafuta bakuli. Kwenye mtihani "baadhi" maana yake angalau mmoja, na yawezekana wote. Haisemi chochote juu ya waliobaki. Na "wengi zaidi" ni kupita nusu, hata kwa mtu mmoja.

Halafu yale masharti. Kondakta akikuambia, "Hupandi mpaka uwe na tiketi", abiria anasikia: nikipata tiketi nimepanda. Hakuambiwa hivyo. Amepewa sharti, hakupewa ahadi. Basi likijaa, au likiharibika Segera, tiketi yake anayo na bado amekaa juu ya begi. Kilicho hakika ni viwili tu: aliyepanda ana tiketi, na asiye nayo hajapanda. Juu ya mwenye tiketi hatujui lolote. Kila unapokutana na "isipokuwa" au "mpaka" zao, mweke kondakta mbele yako umuulize alichosema hasa. Nimelijaribu kwenye swali la 11 na la 20, yote mawili nikapata, moja nikiwa nakunywa uji.

Ulinieleza kwenye simu kwamba zamani palikuwa na kipande cha mafumbo, watu saba wanakaa kwenye viti saba na fulani hakai karibu na fulani, na kwamba kiliondolewa Agosti 2024. Nilisikitika, maana hayo ndiyo ningeyaweza. Lakini uliponiambia sababu nikanyamaza: mtu asiyeona alikwenda mahakamani, kwa kuwa mafumbo yale watu huyatatua kwa kuchora, na yeye hawezi kuchora. Mwaka 2019 wakapatana, na LSAC, wenye mtihani, wakaahidi kukitafutia njia nyingine. Mtihani umeanza 1948, na kesi moja imeubadilisha. Hiyo nayo ni hoja iliyopita. Sasa nafasi yake imechukuliwa na kipande cha pili cha haya maswali ya hoja, kwa hiyo kati ya vipande vitatu vinavyohesabiwa, viwili ni hivi hivi unavyotaka kuvikimbia. Na kile cha nne kisichohesabiwa hujui ni kipi, kwa hiyo huwezi hata kuchagua pa kupumzika.

Juu ya muda. Dakika 35 kwa maswali 25 au 26 ni kama dakika moja na nusu pungufu kwa kila moja. Umeacha mawili wazi mwishoni. Kwa nini? Umeniambia mwenyewe kwamba jibu la kosa halipunguzi alama. Hata ukiwa umefumba macho, moja kati ya matano linaweza kukuangukia. Kuacha wazi ni kiburi, mwanangu, na najua umekitoa wapi, ni kwa mama yako.

Na acha kufanya seti mpya kila usiku ukitoka kazini. Unafanya, unatazama majibu, unahuzunika, unalala. Kwa miaka thelathini niliona watoto wakifanya hivyo na hesabu. Fanya hivi: ukimaliza kwa saa, usifungue majibu. Kesho yake yarudie yaleyale bila saa, ubadilishe unachotaka kubadilisha, ndipo ufungue. Uliyoyapata ukiwa na nafasi na kuyakosa kwenye saa, tatizo lako ni mbio. Uliyokosa mara zote mbili, hapo ndipo akili imepinda, na hayo tu ndiyo ya kuandika daftarini. Andika kwa Kiswahili. Usiandike "nilikosea", hiyo najua. Andika lile jibu lilikudanganyaje. Moja litakuchukua nusu saa, sawa. Manne kwa wiki yananitosha mimi, sembuse wewe.

Kuhusu kuacha, siku hizi mtihani wanauweka mara kadhaa kwa mwaka, na alama zinatoka 120 mpaka 180, kwa hiyo hata asiyejibu kitu hatoki na sifuri. Mdogo wako amelipenda sana hilo, anataka waige na kwetu. Ukiahirisha mwezi mmoja kwa sababu kazi ya usiku inakumaliza, hilo ni kuahirisha. Ukiniambia unaacha kwa sababu una 17, mimi nitakuuliza maswali ya yule bibi: kutoka 17 mpaka "siwezi", katikati umepita wapi? Na umebeba nini?

Mama yako anakusalimu. Anasema ule, na anataka kujua baridi imeanza au bado, na koti ulilonunua lina kofia. Mbaazi za mwaka huu atakukaushia, akipatikana mtu wa safari.

Nimebakiwa na swali la 17. Ni lile la watafiti na nyuki. Nimetia alama kwenye B, nikaifuta, nikatia D, nikaifuta mpaka karatasi imetoboka. Jibu usinitumie kabla ya Jumamosi, nataka nilirudie bila saa.

Baba yako.