YAH: Matoleo manne ya jarida la klabu, na nusu ya ramani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Mwezi Machi nilimlipia mpwa wangu uanachama wa klabu ya mashabiki wa michezo yenu: shilingi 36,000 kwa simu, matoleo 6 ya jarida kwa mwaka. La kwanza lilifika, la pili likafika. Tangu Juni ni kimya. Nilipopiga simu, dada aliyepokea (ana adabu, sina neno naye) alisema jarida limesitishwa na wanachama tumepewa kuponi ya punguzo la asilimia 15. Kuponi imetumwa kwa barua pepe, na mtoto mwenyewe ana miaka 11, barua pepe hana.

Jarida kufa si kitu cha ajabu, ya aina hii hayana umri. Ila mhariri wenu, toleo la kwanza ukurasa wa pili, alijigamba kuwa mnafuata nyayo za jarida la klabu la Nintendo, kampuni ya michezo ya video, kule Marekani. Mimi nayakusanya majarida hayo, kwa hiyo tuzifuate nyayo mpaka zilipoishia. Nintendo Fun Club News lilianza 1987, yakatoka matoleo 7 tu, na 1988 likafungwa. Lakini lilikuwa la bure, na walipolifunga waliwapelekea wanachama toleo la kwanza la jarida jipya, Nintendo Power, la Julai na Agosti 1988, bila kuwadai senti. Ndipo wakaomba watu walipie, na jarida hilo likaishi hadi Desemba 2012. Ninyi mmeanza na hela zetu mkamalizia na kuponi.

Atari, kampuni nyingine ya michezo ya video, nao walikuwa na jarida la klabu, Atari Age, la 1982, na 1984 halipo tena. Hata shindano lao la Swordquest, la michezo minne, lilikatika njiani, mchezo wa nne, Airworld, usitoke wakati ule. Lakini soko lote la michezo ya video Marekani lilikuwa limeporomoka mwaka 1983, wao walikuwa wanazama. Ninyi mwezi uliopita mmezindua mchezo mpya kwa matarumbeta.

Halafu kuna ramani. Toleo la pili lilikuja na nusu ya kushoto ya bango la ramani, nusu ya kulia tukaahidiwa toleo la tatu. Mpwa wangu aliibandika juu ya kitanda chake, akapima kwa rula na kuacha nafasi ya nusu ya pili. Daraja la kamba linaanza vizuri, watu wawili wamekanyaga ubao wa kwanza, mara karatasi imeisha. Wiki iliyopita nimekuta amechana kurasa za kaunta buku, ameziunga kwa selotepu na kuichora ng'ambo ya daraja mwenyewe kwa kalamu ya bluu: mbuyu, bandari, meli yenye mizinga. Kusema kweli anachora kuliko mchoraji wenu. Tatizo ni kwamba ananiuliza kama ndivyo kulivyo huko, na mimi sijui nimjibu nini.

Kwa hiyo naomba shilingi 24,000 za matoleo manne zirudi kwenye namba iliyolipia. Kuponi kaeni nayo. Mchoro aliowatumia kwa ajili ya ukurasa wa barua urudisheni, hatukubaki na nakala.

Na hiyo nusu ya kulia mnayo, msiniambie haikuchorwa. Jalada la nyuma la toleo la pili liliionyesha, ndogo kama stempu. Kama haikuchapwa, nitumieni faili nikaichape hapa mtaani kwa gharama yangu. Kama ilichapwa, ipakieni kwenye basi lolote la Tanga, nitaipokea stendi.

Nasubiri siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, hii na risiti ya malipo nitazipeleka Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mjomba wa mwanachama,
Tanga