Msitutoze leseni ya programu huria

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wa bodi za shule. Mimi ni mweka hazina wa sekondari moja hapa Busia, upande wa Uganda. Muhula huu fundi aliyetuwekea mfumo wa masomo ameleta ankara ya mistari miwili: kazi ya kuuweka, na "leseni ya mwaka" kwa kila mwanafunzi. Wa kwanza nimeutia sahihi bila kinyongo, kijana alifanya kazi. Wa pili nimeukataa.

Mfumo wenyewe ni Moodle, ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na leseni yake ni GPL toleo la 3, mojawapo ya leseni za programu huria. Programu huria ina wenyewe. Hakimiliki ipo, ila wametangulia kukuruhusu uitumie, uichungulie ndani, uirekebishe na umgawie mwingine. Fundi anaweza kukuuzia nakala kwa bei aipendayo, na jasho lake alipwe. Asichoruhusiwa ni kukutoza ada kwa haki ambazo GPL imeshakupa. Tena akikupa nakala aliyoibadilisha, akupe na msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mtengenezaji.

Nilipomwomba msimbo wa ukurasa wa alama aliouongeza, alicheka: eti siri ya biashara! Siri hiyo angeitunza kama mfumo ungekaa kwenye seva yake, sisi tukaingia kwa intaneti tu. Hapo GPL haimbani. AGPL, ndugu yake GPL inayogusa hata programu zinazotumiwa kwa mtandao, ndiyo ingembana. Lakini huu ameuweka kwenye kompyuta yetu, ile iliyo chini ya meza ya karani.

Masharti hayafanani kila mahali. DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo Wizara yetu ya Afya hukusanyia takwimu za hospitali na vituo vya afya, iko chini ya BSD, leseni huria yenye masharti machache. Hiyo ukiibadilisha na kuuza bila kutoa msimbo, huna kosa, mradi ubakize tangazo la hakimiliki na masharti yake. Kwa hiyo mkiambiwa "huria", ulizeni leseni ipi. Kwa Moodle, fungueni faili la COPYING.txt ndani ya folda yake, ndimo ilimoandikwa leseni. Mimi nililisoma mbele ya mwalimu mkuu, fundi akiwepo.

Ankara nimeirudisha. Kama anataka ada ya matengenezo, aiandike hivyo, ataje atakuja mara ngapi kwa muhula, tupatane bei.

Mweka hazina,
Busia, Uganda