Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: umebaki mlango mmoja

Kwa Mheshimiwa Diwani,
Mhusika wa Mipango Miji,
London.

YAH: MILANGO YA MABANDA YA FARASI KWENYE KICHOCHORO CHETU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, mimi si mzima sana ila tutafika huko.

Kwanza samahani kwa kukuandikia Kiswahili. Barua nne nimekuletea kwa Kiingereza, ya kwanza 2022 na ya mwisho mwezi uliopita, zote zimejibiwa na kompyuta, "tumepokea barua yako", basi, kimya. Nikasema labda Kiingereza changu ndo kibovu. Bora niandike kwa lugha niliyonyonya nayo, angalau watu wangu wa Unguja na Mombasa na hawa tuliotapakaa huku Ulaya wasome wajue mambo yanavyoendeshwa kwenye nchi iliyotufundisha kujaza fomu. We ukitaka tafsiri utaipata tu, ofisi yenu haikosi mkalimani wa lugha yoyote ile siku ya kudai kodi ya manispaa.

Alhamisi iliyopita saa mbili asubuhi nashuka ngazi nasikia mtaimbo unalia. Natoka nje, vijana wawili wanang'oa milango ya nyumba ya mkabala na kwangu. Ile milango mikubwa ya kupitishia gari la farasi, mbao mbili za kufunguka, kila moja inanipita urefu kwa mkono mzima, bawaba za chuma ndefu kama mkono wa mtu zimefuliwa na mhunzi huko nyuma kabla babu yangu hajazaliwa. Dakika kumi na tano tu, milango chini. Wakaikata katikati kwa msumeno wa umeme ili itoshe kwenye kontena la kifusi, na juu yake wakamwaga choo kilichovunjika. Nikawauliza jamani mnajua hiki ni nini? Mmoja akanambia kwa adabu kabisa, bosi, sisi tumeambiwa tutoe tu. Sina ugomvi na yule kijana.

Nikapiga simu ofisini kwako. Muziki, muziki, muziki, alafu akaja binti mpole akatazama kwenye kompyuta akanambia, mzee, mlango ni mali ya mwenye nyumba na kwenye kichochoro chenu hakuna amri inayomzuia kuubadilisha. Nikamwambia rudia. Akarudia. Hakuna amri.

Mheshimiwa, hiyo amri unaikumbuka? Mana mimi naikumbuka. Mei 2022, wiki ya uchaguzi, ulikuja pale kwenye tao la kuingilia ukiwa na karatasi zako na koti la mvua. Mimi Mtanzania lakini sheria yenu inaturuhusu sisi wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali kupiga kura, na kura yangu ulikuwa unaijua vizuri sana siku ile. Ukashika mlango huuhuu, ukaupapasa, ukasema ni hazina. Neno lako hilo, hazina. Ukasema ukichaguliwa jambo la kwanza utapitisha amri ya Kifungu cha 4, ile inayomwondolea mwenye nyumba ruhusa ya kubadilisha milango na madirisha kienyeji, kila kitu kipitie kwenye kibali kwanza. Mama wa namba ya kwanza akakuletea chai. Ulikunywa chai yetu.

Sasa tazama. Milango imeng'olewa kihalali kabisa, na imekuwa halali kwa sababu we hukutia saini. Mwizi akivunja mlango naita polisi, hapa nimwite nani?

Kwa wenzangu mnaosoma ambao hamjaishi huku niwaeleze kidogo, mana najua wengine mtasema huyu mzee analilia banda la farasi. Ndio, banda la farasi. London matajiri wa zamani walijenga majumba yao marefu yameungana mstari mmoja, mbele barabara nzuri, na nyuma yake kichochoro kidogo cha kujifichia kazi chafu. Hicho kichochoro ndo wanakiita myuzi, kwa Kiingereza wanaandika mews. Chini wanakaa farasi na gari lao, juu nyasi za farasi na chumba kimoja viwili vya dereva na mkewe na watoto, wanalala juu ya mvuke wa mavi. Jina lenyewe lina kisa, zamani mfalme alikuwa na nyumba ya vipanga wake wa kuwindia pale Charing Cross, ndege wakiwekwa humo wakati wa kunyonyoka manyoya, ikaungua 1534, ilipojengwa tena wakaweka farasi ila jina la ndege likabaki. Basi mpaka leo mabanda ya farasi London nzima yana jina la vipanga kunyonyoka, na siku hizi ndani wanakaa watu wa benki.

Ukijua kuisoma myuzi ni kama kitabu. Zile barabara za mawe ya kuchongwa, katikati pamebonyea kidogo, ule ni mfereji wa kuondolea maji na mkojo wa farasi. Ule mlango mdogo wa juu usio na ngazi, unaotazama hewani kama mtu kakosea kujenga, ule wa kuingizia nyasi, na juu yake boriti imetokeza yenye kapi, kapi kama ya jahazi tu, mara ya kwanza nilipoiona nilicheka nikasema kumbe mabaharia wamefika mpaka huku. Nyuma mara nyingi ukuta mtupu, hakuna dirisha hata moja, makusudi kabisa, ili mtumishi asimchungulie bwana wake kwenye bustani. Ile ndo inayoniuma kuliko zote, na ndo nataka ibaki kuliko zote, mana watu wakitoboa madirisha pale hakuna atakayeamini tena kwamba kulikuwa na ukuta uliojengwa ili maskini asione.

Magari ya petroli yalipokuja farasi wakaondoka, mabanda yakawa gereji, baadae wasanii na watu wa kipato kidogo wakahamia, baadae tena wenye pesa wakagundua kumbe kuna utulivu. Leo nyumba ya myuzi inauzwa mamilioni ya paundi, na mangapi yamebaki kama yalivyojengwa? Pale Bathurst Mews karibu na Hyde Park bado wana farasi wa kweli, nendeni mkanuse. Kynance Mews matao yake yamelindwa kisheria. Sehemu nyingi nyingine umebaki uso tu, nyuma ya uso wamechimba chini wakaweka sinema na bwawa.

Kwetu sisi hata uso ndo huo unakwenda. Nilipohamia miaka 19 iliyopita milango ya asili ilikuwa jozi saba, nilizihesabu mana mimi ni fundi seremala, baba yangu fundi, kwetu Mji Mkongwe watu wanahesabu milango kama wengine wanavyohesabu ng'ombe. Jozi saba zikawa tano, tano zikawa mbili, Alhamisi imebaki moja. Na hiyo ya Alhamisi, Mheshimiwa, mimi ndo niliitengeneza 2011. Ubao wa chini ulikuwa umeoza kwa maji ya mvua, mwenye nyumba wa zamani, mzee mmoja mstaarabu marehemu sasa, akanambia fundi usinifanyie mpya, nifanyie ileile. Siku tisa nimekaa na mlango ule. Niliufungua viungo vyake ulimi na tundu, msonobari wa zamani umekaza kama jiwe, ndani nikakuta fundi wa kwanza ameandika namba kwa penseli. Penseli! Imekaa humo zaidi ya miaka mia. Nikairudisha palepale sikuifuta. Sasa ipo kwenye kontena chini ya choo.

Hali yangu naomba uisikie pia mana hujawahi kuuliza. Mimi ni mpangaji juu ya gereji, chini ndo karakana yangu. Tangu jirani wa kushoto alipochimba sakafu ya chini ukuta wangu umepasuka kutoka dirishani mpaka darini, ufa naingiza kidole. Mvua ikinyesha naweka ndoo mbili. Mwanangu wa mwisho ana pumu na vumbi la miezi kumi na nne limemkalisha hospitali mara tatu. Lori linaziba tao kuanzia saa moja, siwezi kutoa kazi wala kuingiza mbao, nimepoteza wateja wawili wakubwa. Yale mawe ya njia yameanza kung'oka kwa uzito wa malori, wamejaza saruji. Saruji nyeusi juu ya mawe ya karne ya 19, kama jino la bandia la plastiki. Nilipiga picha nikakutumia. Kompyuta ikanijibu imepokea.

Kwa nini hukutia saini? Nimelala nikiwaza nimekuja na majibu mengi. Labda faili limelaliwa na faili lingine. Labda mnaogopa wenye nyumba watadai fidia, nimesikia kwamba amri ikianza kazi papo hapo kuna fidia inaweza kudaiwa, sawa, hayo ya wanasheria. Labda, na hili nalisema kwa heshima, machoni penu myuzi ni jengo la watumishi, jumba la mbele likiguswa kitasa cha mlango tu kunakuwa na kelele, banda la nyuma nani analilia. Au labda kwa sababu anayelalamika ni mpangaji mwenye jina ambalo halitamkiki kwenye simu. Sijui. We ndo unajua, nijibu hata kwa kunitukana.

Usinambie sheria haipo. Maeneo ya hifadhi ya majengo ya zamani mliyaanzisha wenyewe kwa sheria ya 1967, na ile ya 1990 inawataka mzingatie kwa uzito wa pekee kutunza au kuboresha sura ya eneo la namna hiyo. Kichochoro chetu kimo ndani ya eneo la hifadhi, kibao kipo pale kwenye nguzo, nilikisafisha mwenyewe kwa sabuni mana njiwa walikuwa wamekichafua na nyie hamkuja.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni hiki. Kila mwaka watalii wenu wanamiminika Unguja, wanasimama mbele ya milango yetu ya kuchonga na ile misumari ya shaba, wanapiga picha, wanatuhubiria, oo mtunze hivi vitu, ni vya dunia nzima. Na kweli UNESCO imeuandikisha Mji Mkongwe tangu 2000. Na kweli sisi tumeshindwa pia, sijifichi. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani pale Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, meli zenu za kivita zikapiga mizinga pale 1896 jumba likabaki limesimama, alafu tarehe 25 Disemba 2020 likaja kuporomoka upande mzima lenyewe, tena likiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Nilikuwa hapahapa jikoni nimeshika simu naangalia video, nililia kama mtoto. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu anayetoka kwenye mji uliofanya vizuri. Nakuandikia kama mtu aliyeshaona mwisho wake unavyokuwa.

Nilitaka mambo manne. Amri ipitishwe. Mawe ya njia yarudishwe, saruji itolewe. Mtu aje atazame ufa wangu. Na ile milango itolewe kwenye kontena, nitaiunga mwenyewe bure, nina gundi nina vibano nina muda. Lakini Jumamosi lori likaja likabeba kontena, kwa hiyo la nne limekufa. Nilichookoa ni bawaba moja, ipo hapa mezani ninapoandika, nzito. Ufa nitaendelea na ndoo zangu. Mawe, basi, hata mwakani.

Nabaki na moja. Nyumba ya pembeni kabisa karibu na tao, yenye milango ya kijani, na ule mlango wa nyasi juu, na boriti na kapi lake, jozi ya mwisho hiyo. Jumatano wamepigilia kibao, inauzwa. Jana nimeona watu watatu wamevaa viatu vya bei wanaipima kwa mashine ya mwanga. Unajua na mimi najua nini kinafuata. Amri ya papo hapo unaweza kuitoa sasa, alafu mna miezi sita ya kuithibitisha kwenye vikao vyenu na chai yenu. Ni saini, Mheshimiwa. Saini yako moja kwa ajili ya mlango mmoja, sikuombi nyingine.

Nikifungua dirisha naiona kutoka hapa. Asubuhi natazama kabla sijanywa chai, jioni natazama tena. Wiki hii tafadhali, kabla hawajaja na mtaimbo.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Fundi wa juu ya gereji