Turudishieni mstari wa "Kuhusu"

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalonisumbua kila siku ya kazi.

Napokea simu za wateja wa programu ya hesabu. Zamani, baada ya salamu, swali langu la kwanza lilikuwa moja tu: "Fungua menyu, gusa 'Kuhusu', kisha unisomee kilichoandikwa pale chini." Palikuwa na mstari mdogo wa kijivu wenye namba ya toleo, tarehe programu ilipoundwa, na alama saba, herufi na tarakimu, zinazoonyesha imeundwa kutoka msimbo upi hasa, yaani maelekezo yapi ya watengenezaji. Nakumbuka mama mmoja akinisomea polepole, "d ya dada, sita, nne, nne tena, b ya baba..." Hata hajamaliza, nilishajua kwamba nakala yake iliundwa Jumanne, na kasoro ya jumla kutolingana ilirekebishwa Jumatano. Nilimwambia asasishe, akasasisha, tukaagana. Hazikutimia dakika tano.

Sasisho la mwaka jana liliufuta mstari ule. Tuliambiwa kwamba unawachanganya watumiaji na unawarahisishia kazi wadukuzi. Siku hizi panaonekana nembo na maneno "Toleo la 4", basi.

Wiki mbili zilizopita nilikaa na mzee mmoja kwenye simu karibu saa mbili. Aliifuta programu, akaisakinisha upya, na jumla zikaendelea kugoma. Mwishowe tuligundua kwamba faili aliyokuwa akisakinisha ni ya zamani, ilihifadhiwa kwenye kompyuta ya ofisini kwao. Yenye kasoro na iliyorekebishwa, zote zinajiita "Toleo la 4". Akaniambia, "Mwanangu, muda wote huu nilidhani ninayekosea ni mimi." Neno hilo halijanitoka. Tumemficha mtu habari za kitu anachokitumia, naye akajilaumu mwenyewe.

Wanaosema namba ya toleo inatosha wakumbuke Heartbleed, kasoro iliyotangazwa mwaka 2014 katika OpenSSL, programu inayotumiwa na seva nyingi kulinda mawasiliano ya mtandaoni. Matoleo ya 1.0.1 hadi 1.0.1f yalikuwa na tundu, na 1.0.1g ndilo lililoliziba. Lakini kwenye Ubuntu 12.04, mfumo endeshi wa kompyuta, OpenSSL ilipelekewa kiraka (marekebisho) bila namba kubadilika: iliyozibwa na isiyozibwa zote zilijitambulisha kama 1.0.1. Wasimamizi wa seva walizitofautisha kwa kutazama tarehe ya kuundwa. Iliyoundwa kabla ya Aprili 7, 2014 ilikuwa bado wazi. Kama tarehe ile ingefichwa kwa kisingizio cha usalama, wangapi wangelala usingizi huku mlango haujafungwa?

Na huyo mdukuzi mara nyingi habishi hodi akauliza toleo. Anawarushia wote shambulio lile lile na kusubiri atakayeanguka. Nakubali kwamba seva haina sababu ya kumtajia kila mpita njia toleo lake. Nakubali pia kwamba njia za mafaili (anwani za mahali mafaili yalipokaa kwenye kompyuta za watengenezaji) zenye majina yao, ambazo wakati mwingine husahaulika ndani ya programu, ziondolewe kabla haijatoka. Ila aliyeisakinisha programu kwenye mashine yake si mpita njia.

Hoja ya kuchanganyikiwa ndiyo inayoniudhi zaidi. Simu za Android zinaonyesha namba ya muundo, inayotambulisha nakala ya mfumo wa simu, kwenye mipangilio, na sijawahi kupokea simu ya mtu aliyedhurika kwa kuiona. Asiyeihitaji huipita tu.

Ninachoomba kwa watengenezaji ni mstari mmoja: toleo, tarehe, zile alama saba, na kitufe cha kuunakili ili mtu autume kwa ujumbe badala ya kusoma herufi moja moja. Kazini nimeliandika ombi hili mara tatu. Yule mzee atapiga tena mwisho wa mwezi atakapofunga hesabu, na ningependa nikimuuliza lile swali langu la kwanza awe na cha kunisomea.

Mpokea simu za wateja